Njiwa wa mtaani: kazi ya wiki hii

Habari zenu wanakikundi. Wiki hii tunapiga picha za njiwa wa mjini, ila nisione njiwa amejaa fremu nzima kama picha ya pasipoti. Nataka mtaa uonekane: miguu ya wapita njia, ukuta, vivuli, na njiwa katikati ya shughuli zote hizo.

Inameni. Kamera ikiwa chini ya goti, njiwa anakuwa mhusika. Ukipiga umesimama, anabaki doa tu sakafuni. Wakiruka, shata (kile kinachofunguka kuruhusu nuru iingie kwenye kamera) iwe 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi. Mkitaka mabawa yawe kama ukungu, shukeni hadi 1/30 na mkubali kwamba nyingi zitaharibika. Njiwa anayetembea ana siri yake: husukuma kichwa mbele, kisha kichwa hutulia kidogo huku mwili ukikifuata. Bonyeza kikitulia.

Rangi, au nyeusi na nyeupe? Ule mng'ao wa kijani na zambarau shingoni hutokana na jinsi nuru inavyoakisiwa na manyoya, ndiyo maana hubadilika ukisogea hatua moja tu. Ukiufanya kijivu, umeutupa. Lakini kundi likiruka na jua liko nyuma yake, mimi naondoa rangi bila kusita.

Tafadhali msiwatimue ili mpate picha. Subirini, hakosi mtoto wa kuwafanyia kazi hiyo.

Kila mmoja alete picha 3 hapa kabla ya Jumapili jioni. Msiziombee radhi, zitumeni tu.