Besiboli haikubuniwa na jenerali

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka 30 bila kukuandikia hata mstari mmoja, na ningeendelea kunyamaza kama si ile makala ya Jumapili kuhusu askari wa Marekani waliocheza besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia, kambini wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vya Kaskazini na Kusini, vya mwaka 1861 hadi 1865. Bila shaka unaikumbuka, kwa kuwa mliipa ukurasa mzima na picha kubwa ya rangi. Mwandishi wenu alisema mambo mawili ambayo nimeshindwa kuyameza: kwamba mchezo huo ulibuniwa na Jenerali Abner Doubleday, na kwamba picha ile inaonyesha askari wakisherehekea ushindi.

Askari wale ni mateka. Mahali pale ni ua wa gereza la Salisbury, North Carolina, upande wa Kusini, kiwanda cha zamani cha pamba kilichogeuzwa kuwa gereza la kijeshi, na aliyewachora ni Otto Boetticher, kapteni wa jeshi la Kaskazini aliyefungwa humo humo mwaka 1862. Mchoro wake ulichapwa New York mwaka 1863. Ukiutazama kwa utulivu utawaona wachezaji katikati ya ua, na wenzao wengi pembezoni, waliokaa na waliosimama, wote wakiwa wameelekeza macho kwenye mpira. Siku hizo gereza lilikuwa bado halijajaa. Kufikia mwishoni mwa mwaka 1864 watu wapatao 10,000 walirundikwa mahali palipokusudiwa watu 2,500 hivi, wakawa wanakufa kwa njaa, baridi na kuhara, na hakuna aliyebaki na nguvu ya kushika gongo. Anayeandika neno “ushindi” chini ya picha hiyo amewadhulumu marehemu.

Kuhusu Doubleday naomba univumilie, maana hapo ndipo hasira yangu ilipo. Inadaiwa kuwa aliubuni mchezo huo mwaka 1839 katika mji mdogo wa Cooperstown, jimbo la New York. Mwaka huo alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point, na hadi alipofariki mwaka 1893 hakuwahi kudai kwamba amebuni mchezo wowote. Hadithi hiyo ilitokana na kamati ya kuchunguza asili ya besiboli iliyoundwa mwaka 1905, ambayo iliridhika na barua ya mzee mmoja, Abner Graves, aliyekuwa akisimulia kumbukumbu zake za utotoni, na wanahistoria waliikataa zamani. Vijana wa New York walikuwa na sheria zilizoandikwa na klabu ya Knickerbocker mwaka 1845, ilhali wenzao wa Massachusetts walikuwa na mchezo wao, ambamo mkimbiaji alitolewa kwa kupigwa na mpira mwilini, kama watoto wetu wanavyotoana katika rede. Vita vilipowakusanya wakulima, mafundi na makarani kambini, katika miezi mirefu ya baridi ambayo majeshi hayakusonga, walifundishana. Mpira ulikuwa kokwa lililoviringishiwa nyuzi na matambara. Gongo lilikuwa ubao wa pipa au kipande cha uzio. Walicheza karata pia, walipigana mieleka, walishindana mbio, na theluji ilipoanguka Dalton, Georgia, Machi 1864, maelfu ya askari wa Kusini walijipanga kwa vikosi wakarushiana madonge yake. Hao ndio wenye mchezo. Doubleday alikuwemo ndani ya ngome ya Fort Sumter vita vilipoanza Aprili 1861, na sifa hiyo inamtosha. Kumwongezea kazi ya watu wasio na cheo ni kuwapora mara ya pili.

Tena mwandishi anasema mchezo huo uliwaunganisha Wamarekani wote. Askari Weusi wapatao 179,000 walilitumikia jeshi la Kaskazini, lakini mwaka 1867, miaka miwili tu baada ya vita, chama cha taifa cha besiboli cha Marekani kilizikataa klabu zenye wachezaji Weusi. Hilo halikupata hata sentensi moja.

Nayasema haya kwa kuwa niliwahi kukaa kambini. Mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera, tulisubiri amri ya kusonga kwa muda mrefu, na mpira wetu ulikuwa soksi iliyojazwa nyasi kavu na kufungwa kwa kamba ya katani. Waliochoka walicheza drafti kwa vizibo vya soda juu ya kifuniko cha sanduku la risasi. Mtu akikaa kimya kambini huanza kumwaza mama yake, kwa hiyo tulicheza. Golikipa wetu alichukuliwa na malaria kabla hajafyatua risasi hata moja, na niliposoma kwamba katika vita vile vya Marekani takriban watu wawili katika kila watatu waliokufa waliuawa na maradhi, nilimkumbuka yeye.

Sasa mjukuu wangu wa darasa la saba aliandika shuleni yale niliyomweleza, akakatwa kwa wino mwekundu. Nilikwenda mwenyewe. Mwalimu aliniamkia, akanipa kiti, kisha akafungua droo na kutoa gazeti lenu lililokunjwa mara nne. “Lakini mzee wangu, imeandikwa humu,” akaniambia, na kidole chake kikawa juu ya jina la Doubleday. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha mtoto huyo kuliamini gazeti lenu.

Na hili la picha si la mara moja. Kila mara mnachapa picha za kale bila kutaja mchoraji, mahali wala mwaka, kana kwamba zimeokotwa njiani.

Naomba mchoro wa Boetticher uchapwe upya Jumapili, ukurasa ule ule, nusu ya juu, mbali na matangazo, na chini yake mistari mitatu: jina la aliyeuchora na cheo chake, jina la gereza, na mwaka. Mstari wa nne useme kwamba Doubleday hakubuni besiboli. Nakala moja mnihifadhie. Nitaifuata mwenyewe ofisini kwenu na kuilipia, kisha niipeleke kwa yule mwalimu.

Msomaji wenu,
Askari mstaafu, Morogoro