Usichome daftari za babu

Mudi vipi, nyumbani hawajambo? Najua umenuna, miezi minne sijakujibu hata meseji moja, utanisema tukionana. Leo naandika mbio mbio kwa sababu Zuhura kaniambia mnahama, na makaratasi yote ya ule ukumbi wa nyuma mnayatia moto. Mwanangu, zile daftari za jahazi usiguse!

Ngoja nikwambie. Kuna bandari ya kale Misri, Wadi al-Jarf, iko Bahari ya Shamu, enzi za Farao Khufu, yule wa piramidi kubwa, miaka kama 4,600 iliyopita. Gati la mawe limeingia baharini zaidi ya mita 150, nanga za mawe wamezikuta mle mle majini. Ukipanda bara kama kilomita 5 kuna mapango marefu yamechongwa, 30 hivi, mabaharia wakishatoka Sinai kufuata shaba na feruzi wanafumua vyombo vyao, mbao na kamba wanasunda mapangoni, mlango wanauziba kwa mabonge ya mawe. Jangwa lile aje mwizi gani sijui, ila baharia na chombo chake unawajua.

Sasa 2013 Mfaransa mmoja, Pierre Tallet, na wenzake wakakuta pale milangoni mafunjo, yaani zile karatasi za matete za Misri ya kale, yamechanikachanika, ni mafunjo yenye maandishi ya zamani kuliko mafunjo yote yaliyoandikwa yaliyopata kuonekana. Mi nikajua humo ni sifa za mfalme tu. Wapi! Ni daftari la Merer, msimamizi wa mabaharia, siku baada ya siku: leo tumepakia mawe Tura machimboni, leo tumefika Giza kwenye piramidi, tumelala mahali fulani, tumerudi Tura. Basi. Ni karani mwenzako kabisa yule, na mawe yenyewe ndo yale meupe ya kuivika piramidi, na kote alikopita anaandika walikolala.

Nikakumbuka babu na ule wino wake wa zambarau, "boriti korja 40, pepo mbaya, tumelala Kipini". Tulikuwa tunamcheka, unakumbuka? Mi mwenyewe nilichana kurasa mbili nikatengeneza tiara, mpaka leo sijamwambia mtu.

Hebu niambie, ufunguo wa lile sanduku anao nani? Mchwa hawajaingia? Mama yako atakubali ulete kwangu, au mpaka nije mwenyewe nimwombe? Na Mzee Omari jicho lake vipi? Nipigie leo leo, kabla hamjawasha huo moto.