Mwaka wa kufyeka pori muulizeni mzee, sio tableti

Mhariri, gazeti lako nalisoma tangu nilipokuwa mwalimu wa UPE (ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote) na sijawahi kuandika, ila ile habari yenu ya hewa ukaa inayotokana na kubadili matumizi ya ardhi imenikera mno.

Mlisema tangu 1850 karibu theluthi ya kaboni yote aliyoitoa binadamu imetokana na ardhi, misitu kufyekwa na kulimwa. Hilo sibishi. Nabishia miaka ya kufyekwa kwa ardhi inavyopatikana. Satelaiti ya kwanza ya Landsat, zile zinazopiga picha za ardhi toka angani, imerushwa 1972, takwimu za mashamba za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, zinaanzia 1961, huko nyuma watafiti wanakadiria kwa idadi ya watu.

Sasa huku kwetu Mufindi wanaojua bado wapo hai! Mwaka juzi alikuja kijana wa utafiti na tableti yake, akamuuliza baba yangu, shikamoo mzee, shamba hili lilifyekwa lini? Baba akamwambia ni mwaka ule tulivyohamishiwa kijijini, 1974, tuliangusha miti ya pori, mikusu na misaula, toka hapa mpaka mtoni, moto ukawaka wiki nzima. Kijana akabonyeza bonyeza akasema mzee huku miaka inaanzia 1990 naweka hiyo hiyo. Yaani miaka 16 imefutwa nikiangalia! Na mwaka ndio msingi wa hesabu yenyewe, maana mti mkavu karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, matawi yakichomwa inaondoka siku ile ile, visiki na mizizi vinaoza taratibu, udongo nao unaendelea kutoa miaka mingi baadae, kwahiyo ukikosea mwanzo umekosea mpaka mwisho. Kisiki kimoja cha msaula kipo mpaka leo nyuma ya choo, juu ukikipiga panga linadunda, chini ni unga wa kahawia unaomwagika mkononi, nikamwita yule kijana aje aone, hakuja.

Halafu ng'ambo ya mto palipopandwa mikaratusi akaandika msitu. Msitu gani jamani, tangu iwe mikubwa chemchemi imekauka na kinyungu changu, bustani ya mboga ya bondeni, sasa hivi ni vumbi tupu, hilo nalo hakuna anayeuliza.

Wakija tena waje mwezi wa 8 watu wameshavuna, wawakalishe wazee kitongoji kwa kitongoji, wawaulize ilikuwa kabla ya kuhamia vijijini au baada, kabla ya vita vya Kagera au baada, kisha watembee nao mpaka kwenye visiki. Baba bado anatembea vizuri asubuhi kabla jua halijawa kali, ila wasichelewe.

Mwalimu mstaafu,
Mufindi, Iringa