Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo: chuo kiseme fedha zake ziko wapi

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakuandikia nikiwa mhadhiri wa chuo unachokisimamia, baada ya Baraza kutangaza kwamba wanafunzi waliopiga mahema uwanjani kupinga vita vya Gaza watafikishwa mbele ya kamati ya nidhamu. Wanafunzi hao wana madai mawili. La kwanza ni kwamba chuo kieleze hadharani ni kampuni zipi zimewekezewa fedha za mfuko wake wa wakfu, na ni mikataba ipi ya utafiti imetiwa saini na watengenezaji wa silaha. La pili, kwamba hisa za kampuni hizo ziuzwe, haliwezi hata kujadiliwa kabla ya la kwanza kujibiwa.

Taarifa ya Baraza inasema chuo hakina upande katika vita. Kwa heshima zote, siikubali kauli hiyo. Chuo kinachopokea gawio kutoka kwa kampuni inayouza mabomu hunufaika zaidi kadiri mabomu hayo yanavyozidi kuangushwa, na huko tayari ni kuwa na upande, hata kama hakuna aliyeupigia kura. Wanaotetea kutoegemea upande hupenda kutaja ripoti ya Kamati ya Kalven iliyotolewa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Chicago, inayosema chuo kisichukue upande katika masuala ya kisiasa, lakini ripoti hiyo hiyo inamtambua mwanafunzi na mwalimu kuwa ndiye mwenye haki ya kukosoa. Anayejikinga kwayo, kisha akamwadhibu mkosoaji, ameisoma nusu.

Usiri huu una historia. Mwaka 1967 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikuta katika maktaba nyaraka zilizoonyesha kwamba chuo chake kilikuwa na uhusiano na Institute for Defense Analyses, taasisi iliyofanya utafiti kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Uongozi haukuwa umewaambia wanafunzi habari hiyo, waliigundua wenyewe. Mwaka uliofuata waliyakalia majengo ya chuo, polisi wakaitwa, na alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1968 watu wapatao 700 wakakamatwa. Baadaye chuo kilijitoa katika taasisi hiyo, yaani kilitenda kile kile ambacho wanafunzi walipigwa virungu kwa kukidai. Tarehe 30 Aprili 2024 polisi waliingia tena katika chuo hicho hicho, katika Hamilton Hall, mojawapo ya majengo yaliyokaliwa mwaka 1968, kuwaondoa wanafunzi waliokuwa wakipinga vita vya Gaza, na katika msimu huo watu zaidi ya 3,000 walikamatwa katika vyuo vya Marekani.

Niseme pia jambo ambalo sisi tunaounga mkono harakati hizi hatulisemi vya kutosha. Kati ya vyuo vikuu vya Marekani, Stanford ilitengana na taasisi yake ya utafiti mwaka 1970, na MIT ikatengana na maabara yake ya mifumo ya kuongoza makombora mwaka 1973, zote baada ya shinikizo la wanafunzi, lakini kazi za kijeshi ziliendelea kwingine chini ya uongozi tofauti. Kutengana peke yake, basi, hakutoshi. Ndiyo maana nasisitiza uwazi: umma ukijua nani anafanya nini na kwa fedha za nani, kubadilisha jina la mlangoni hakutaficha kitu.

Mweka hazina ametuambia kwamba fedha zimechanganywa katika mifuko inayoendeshwa na mawakala wa nje, na kwamba sheria inawataka wadhamini walinde faida. Hoja kama hizo zilitolewa wakati wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Hata hivyo, mwaka 1986 Chuo Kikuu cha California kiliamua kuondoa uwekezaji wa zaidi ya dola bilioni 3 katika kampuni zilizofanya biashara na nchi hiyo. Mei 2024 Trinity College, chuo kikuu cha Dublin, Ireland, ilifikia makubaliano na wanafunzi wake baada ya siku tano za mahema, ikaahidi kujiondoa katika kampuni za Israeli zilizomo katika orodha ya Umoja wa Mataifa kuhusu makazi ya walowezi katika ardhi ya Wapalestina inayokaliwa. Palikuwa na mazungumzo, na mahema yakang'olewa na wenyewe.

Najua wapo wanafunzi Wayahudi walioeleza hofu yao, na yeyote anayemtukana au kumtisha mwenzake kwa sababu ya dini au asili yake achukuliwe hatua yeye binafsi, kwa kosa lake. Kulitumia kosa hilo kukwepa swali kuhusu hisa ni kuwadhulumu wenye hofu na wenye swali kwa pamoja.

Kwa hiyo naliomba Baraza lisitishe mashauri ya nidhamu dhidi ya waliokaa uwanjani kwa amani, lichapishe orodha kamili ya uwekezaji na mikataba ya utafiti wa kijeshi kabla ya muhula huu kufungwa, na liunde kamati yenye wanafunzi na wahadhiri wenye haki ya kupiga kura, itakayojadili kila kipengele cha orodha hiyo hadharani. Niko tayari kufika mbele ya Baraza siku yoyote nitakayoitwa.

Wako mtiifu,
Mhadhiri wa chuo