Kabla ya kugawa majiko, piteni kwa fundi

Ndugu Mhariri,

Kila ukifika mwezi wa sita, huku kwetu Morogoro huja vijana wa kujitolea kutoka Ulaya na Marekani. Wapo wanaofundisha Kiingereza, wapo wanaopaka rangi madarasa, na siku hizi wengi huja na habari ya majiko: moshi unaua, nao wamekuja kuwasaidia wajasiriamali wa majiko banifu, yaani yanayotumia kuni au mkaa kidogo, na afya ya jamii. Kuhusu moshi sina ubishi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na mama yangu mwenyewe alipikia kuni kwenye kibanda kisicho na dirisha mpaka macho yakawa ya kupangusa kutwa. Nina neno juu ya huo msaada, kwa sababu mjasiriamali anayesaidiwa ni mimi.

Natengeneza majiko ya mkaa ya udongo na bati hapa Kihonda, huu mwaka wa 17. Udongo unachekechwa, unakandwa, unafinyangwa chungu cha ndani, kisha kinakauka kivulini wiki nzima. Ukikosa subira ukakianika juani, kinapasuka. Ndipo tanuru, ndipo fundi bati. Jiko la kati nauza shilingi 15,000, na wateja wa vijijini hulipa kidogokidogo kupitia VICOBA, vile vikundi vyao vya kuweka na kukopa.

Miaka mitatu iliyopita kundi moja lilishusha shehena ya majiko ya nje, yenye feni na betri, likayagawa bure katika vijiji viwili nilikokuwa nadai watu 46. Majiko mazuri kwa macho, sikatai. Jumatatu iliyofuata nilipokwenda kuchukua marejesho, mwenyekiti wa kikundi, mama ninayemheshimu sana, aliniambia kwa upole: "Mwanangu, watu wanasema la kwako uchukue tu. La mzungu halina deni." Ningemlaumu nini? Nikawaaga vijana wawili kati ya wanne niliokuwa nao.

Masika mawili hayajapita, feni zikaanza kugoma. Spea hakuna, na waliozileta walishapiga picha na kuondoka. Nyumba moja kule jiko limekuwa chombo cha kunyweshea kuku. Wenyewe wamerudi kwenye mafiga, si kwangu, maana mtu akishapewa cha bure, bei yoyote humwonekea wizi.

Wala si Morogoro peke yake. Malawi, kuanzia mwaka 2013, watafiti waligawa majiko ya feni, kila kaya mawili pamoja na sola ya kuchajia, wakafuatilia watoto zaidi ya 10,000 katika vijiji 150. Nimonia haikupungua. Watoto walioungua moto walikuwa wachache zaidi kwenye kaya zilizopewa, na hilo si dogo, ila silo walilolitarajia. Majiko yaliharibika mara kwa mara, na moshi wa takataka, wa tumbaku na wa jikoni kwa jirani uliendelea kama kawaida. Na wale walikuwa na utaratibu wa kuyarekebisha. Sisi tuliachiwa kopo.

Jiko hili ninalotengeneza nalo lilikuja na wageni. Wazo lilitoka Thailand, likafanyiwa kazi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na fedha za wafadhili zilikuwamo. Lakini fedha zile zilikwenda kwenye kubuni na kuwafundisha wafinyanzi na mafundi wa jua kali. Mnunuzi alinunua kwa pesa yake. Mwanzoni lilikuwa ghali na mengine mabovu hasa. Mafundi walipoongezeka bei ikashuka, akina mama wakajifunza kuligonga kwa kidole dukani na kulikataa lenye ufa. Likavuka mpaka likanifikia mimi bila kontena.

Nisionekane nina chuki na wageni. Binti mmoja wa Finland alikaa kwangu miezi mitano. Wiki ya kwanza alimpa shikamoo kila mtu, hadi kijana wa tanuru wa miaka 19, naye mjinga yule akaitikia marahaba kwa sauti nzito. Binti hakuja na jiko, alikuja na daftari. Akaniuliza kila tanuru linatoa vyungu vizima vingapi. Sikuwa nimewahi kuhesabu. Tulihesabu miezi miwili: katika vyungu 40, tisa mpaka 12 vilitoka na ufa, na hasara hiyo haikuwamo kwenye bei. Jiko kubwa, lile nililojivunia, nilikuwa naliuza chini ya gharama yake! Tukaacha kuingiza chungu chenye unyevu hata kidogo, tukaanza na moto mdogo wa saa nyingi. Siku hizi vinapasuka vinne, vibaya sana vitano.

Halafu akaazima mizani ya muuza dagaa, akakaa na mama lishe wa jirani kupima mkaa wa sufuria moja ya maharage. Jiko la bati tupu lilikula kilo moja, langu gramu 650. Karatasi ile nimeibandika kibandani na inaniuzia kuliko mdomo wangu.

Tulikosana mara moja tu. Alichora bango: "Jiko Safi kwa Afya." Nikamwomba afute neno safi. Jiko langu linaokoa mkaa, lakini mkaa ni mkaa. Uingize chumbani usiku wa baridi, funga dirisha, hewa yake haina harufu na huamki. Akasema wanaomchangia kwao wanalipenda neno hilo. Nikamwambia wao hawalali Kihonda. Sasa bango linasema: "Linapunguza mkaa. Usilale nalo ndani."

Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Likitimia, kazi yangu imekwisha, na nalijua hilo. Mgeni anayetaka kunisaidia kweli anifundishe kutengeneza jiko la umeme likiharibika, au kukagua mpira na rigeleta ya gesi, ili mteja wangu wa leo asinipotee kesho.

Watendaji wa kata mnaowapokea, waulizeni kabla hawajashusha mzigo: hapa nani anauza kitu hiki, na kikifa nani atakifufua? Yale ya feni ninayo sita nyuma ya kibanda, wenyewe waliniletea nijaribu. Bodi nzima kabisa, betri ndizo zimekufa. Msomaji anayejua zinapopatikana aje anione.

Fundi majiko,
Kihonda, Morogoro