Ukileta watoto Desemba, usianzie Diani

Beste wangu,

Sasa? Mesej yako niliiona usiku nikasema hii siwezi jibu na emoji, wacha nikae chini niandike. Umeuliza uwapeleke wapi watoto mkija Desemba, ukaandika Mara, Diani, halafu mwisho kabisa "ushago kidogo tu wamsalimie dani", yaani nyanya yako. Hiyo "kidogo tu" ndio imenitoa usingizi.

Diani ni poa, sikatai, mchanga mweupe na kila kitu. Lakini hebu kumbuka sisi tukikua nani alikuwa anatuchagulia pa kwenda? Ilikuwa ni reli. Babu yako gadi wa treni, wangu wa kubadilisha njia za treni, wote wa East African Railways, wote mtaa wa Muthurwa hapa Nairobi, nyumba ya chumba kimoja na watoto wamelala chini mpaka mlangoni, na kwa sababu familia ilikuwa inapewa pasi ya kusafiri basi likizo ilikuwa inafika pale reli inafika na hapo ndio mwisho. Ndio maana kwetu kila mtu anajua Voi, anajua Mombasa, anajua Kisumu, hata Nanyuki tunaijua, lakini uliza mtu kuhusu Meru, hapo mbele tu ya Nanyuki, hakuna! Hakuna aliyewahi kwenda, kwani kulikuwa na treni? Na mpaka leo pasi ziliisha kitambo, hiyo East African Railways yenyewe ilivunjika 1977, lakini mama akisema amechoka na Nairobi anataka kubadilisha hewa, mahali anataja lazima pana stesheni. Sista yangu alikuwa anamcheka sana, halafu yeye mwenyewe alipoolewa, nchi yote hii na vile ni kubwa, fungate akaenda Voi. Nilinyamaza tu.

Na si sisi peke yetu. Kuna jamaa tunafanya kazi naye, babu wa babu yake alitoka Punjab kuja kujenga hii reli, si unajua waliletwa karibu watu 32,000 kutoka India kati ya 1896 na 1901, kama 2,500 wakafia kazini, wengi wakarudi kwao na wengine wakabaki. Huyu jamaa akipata likizo ndefu anaenda Amritsar kule Punjab, akipata wikendi tu anaenda Makindu kwa hekalu la Kalasinga. Watu wa ofisi wanamuuliza mbona hujawahi kwenda Paris na pesa uko nayo, anasema Paris hana mtu wa kuuliza. Halafu wale Wamarekani weusi walijaa Ghana 2019, miaka 400 tangu Waafrika wa kwanza wafikishwe Virginia wakiwa watumwa, mtu anatoka kazini kwake anavuka bahari nzima aende kusimama kwenye ngome ya Cape Coast au Elmina, walikofungiwa watumwa, mahali hata hakuna la kufurahisha, kisha analia na anasema safari ilikuwa nzuri. Na Kogelo je? Bila baba yake Obama ni mgeni gani angeitafuta kwenye ramani?

Lakini sitaki nikudanganye ati damu inamvuta kila mtu. Wengine inawafukuza. Binamu yangu yule wa Umoja utotoni ushago alikuwa anapelekwa kwa matanga tu, na kila matanga kuna mchango, na kila mchango kuna kugombana nani hakutoa. Sasa Desemba ikikaribia anazima simu anapanda ndege ya Dubai. Wazee wanamlaumu, mimi simlaumu sana. Na ndio naogopa na hao wako: ukiwaingiza boma asubuhi, wasalimie, picha mbili tatu, saa nane mko kwa gari mnarudi, watajua ushago ni mahali pa kuvumilia.

Basi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Anzia hapo hapo kwenu Chicago, kabla ya kupanda ndege. Wapeleke makumbusho ya Field Museum waone wale simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli 1898, wako hapo tangu miaka ya 1920, najua hujaenda. Halafu mkifika Nairobi mnaenda makumbusho ya reli, ile iko nyuma ya stesheni kuu, kuna behewa ambalo simba mwingine aliingia Kima mwaka wa 1900 akamtoa afisa wa polisi anaitwa Ryall. Jamaa alikuwa ameketi ndani na bunduki amngoje simba, akasinzia. Nakuambia mtoto wa miaka tisa hiyo hadithi haisahau, na si Kima ni kwetu Ukambani? Mimi ndio nitasimulia, nataka niongeze chumvi.

Baadaye tushike treni ya SGR, hii reli mpya, ile ya asubuhi pale Syokimau, ile inasimama njiani, si ekspresi. Tunashuka Kibwezi tunarudi nyuma na matatu mpaka Makindu, kwa hekalu la Kalasinga lililojengwa 1926. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakula dengu na chapati na chai bure kabisa hata kama hujulikani, ukitaka unaacha kitu kwa sanduku. Babu yangu alikuwa anasema kwa hii line yote hakuna mahali alishiba kama pale. Hapo watoto wataelewa reli ilikuwa ya watu wangapi kuliko nikiwaeleza wiki nzima.

Halafu Kisumu, mahali reli ilifika ziwani Desemba 1901, na kutoka hapo kwa dani. Mlale! Si siku moja. Mwambie atoe ile taa ya babu, ya kioo chekundu na kijani, nilisikia bado iko chini ya kitanda imefungwa na leso, na awaonyeshe vile gadi alikuwa anaizungusha kuambia dereva aende. Usimkatize akirudia hadithi. Wachoke, walalamike hakuna Wi-Fi, ni sawa tu.

Diani ikibaki pesa. Mara pia, ingawa hiyo bei yao ya Desemba ni wizi.

Nijibu kabla ya wikendi nijue mko wangapi, tiketi za treni Desemba zinaisha haraka sana na mimi sipangi foleni ya mtu hajaamua. Dani mletee sweta nzito, usimletee tena hizo vitamini, anawapa kuku. Mimi viatu, namba unaijua.

Wako wa Muthurwa