Barua ya wazi kwa Baba Askofu Mkuu wa Chicago: tunaomba walichopewa Wapolandi

Mwadhama Baba Kardinali,

Tumsifu Yesu Kristo.

Naanza na salamu hiyo kwa sababu ndiyo iliyonifikisha kwenye habari ninayotaka kukueleza. Nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Chicago, zamu ya usiku. Kwa miaka miwili nilimhudumia bibi mmoja wa Kipolandi aliyekuwa amepita miaka tisini. Alizaliwa papa hapa mjini, na Kiingereza alikisema maisha yake yote ya kazi, lakini ugonjwa wa kusahau ulipomzidi Kiingereza kikamtoka chote. Kipolandi kikabaki. Usiku mmoja nikiwa namgeuza kitandani alinitazama akasema, "Niech będzie pochwalony Jezus Chrystus." Sikuelewa kitu ila jina la Yesu. Nikamjibu kwa Kiswahili, "Milele na milele, Amina." Akatabasamu, akafumba macho. Kesho yake binti yake akanieleza kwamba hiyo ndiyo salamu ya Wakatoliki wa kwao, maana yake Tumsifu Yesu Kristo, na kwamba jibu lake ni lile lile nililolitoa. Mama yangu kule Songea akifika mlangoni kwa jirani hubisha hodi kwa maneno hayo hayo.

Bibi huyo alibatizwa na kufunga ndoa katika kanisa la Mtakatifu Stanislaus Kostka, pale Noble Street. Nilikwenda kuliona siku yangu ya mapumziko. Baadaye nikaanza kutafuta habari zake, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kutuona sisi humo ndani. Najua historia hiyo unaijua kuliko mimi. Naisimulia hadharani kwa ajili ya wenzangu wasemao Kiswahili, nawe nakuomba univumilie mpaka nifike kwenye ombi letu: makao ya kudumu na padre anayejua Kiswahili. Nimeandika kwa lugha yangu makusudi. Mapadre wa kutoka Afrika hawakosekani mjini hapa wa kukutafsiria.

Mwaka 1864, Wapolandi wa Chicago walipokuwa bado familia chache, baadhi yao wakiongozwa na Antoni Schermann, mwenye duka, na Piotr Kiołbassa, walianzisha chama cha kusali na kusaidiana. Walikiweka chini ya ulinzi wa Stanislaus Kostka, kijana Mjesuiti aliyefariki Roma mwaka 1568 akiwa na miaka 17. Padre wao hawakuwa naye. Kanisa lao hawakuwa nalo. Parokia ikazaliwa 1867, na kanisa la kwanza, la mbao, likabarikiwa 1871: ibada ghorofa ya juu, shule chini.

Mtu wa Tanzania, Kenya au Kongo akisoma hapo hahitaji maelezo. Hiyo ni jumuiya! Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 waliamua Kanisa la kwetu lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na Kongo walikuwa wameshatangulia. Sisi tumelelewa humo. Rozari ya Oktoba nyumba kwa nyumba, kuzika, kuuguza, kuchangia harusi, kuwapatanisha mke na mume kabla mambo hayajafika kwa paroko. Tulipohama, jumuiya tulihama nayo. Yetu ya Rogers Park ilianzia sebuleni kwa familia moja iliyotoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tukiwa Wakongo, Watanzania, Wakenya na Warundi, na viti tuliazima kwa jirani. Kwa hiyo hatuji kwako mikono mitupu tukidai kujengewa. Tupo pale walipokuwa Wapolandi mwaka 1866: watu wapo, sala ipo, daftari la michango lipo. Makao hayapo. Tumepokewa parokia moja, tukahamia nyingine, sasa tuko ya tatu, na kila tulipohama tulipoteza vijana njiani.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nishike kalamu. Miongoni mwetu yuko bibi mmoja Mkongo, mwenyeji wa Fizi, mashariki mwa Kongo, ambaye amekaa ukimbizini zaidi ya miaka ishirini. Kiingereza hakijui na kwa umri wake hatakijua. Kwaresima iliyopita alitaka kuungama. Parokia tuliyokuwapo, nisiyoitaja, ilimshauri aje na mkalimani, na mkalimani aliyekuwapo ni mjukuu wake wa miaka kumi na minne. Najua Sheria ya Kanisa, kanuni ya 990, inaruhusu kuungama kwa mkalimani, na aliyemshauri alimtakia mema. Lakini bibi alikataa. Alisema, "Dhambi zangu nimwambie mtoto wa mwanangu?" Akarudi nyumbani. Pasaka hakupokea Komunyo. Alikaa kwenye kiti chake cha nyuma akiwatazama wengine wakienda mbele, nami nilikuwa mmoja wa waliokwenda mbele.

Baba, tusidhani Wapolandi walipigania Misa kwa Kipolandi. Misa ya wakati ule ilikuwa Kilatini kwa kila mtu, Mwairishi na Mjerumani na Mpolandi. Walichotaka kwa lugha yao ni mahubiri, nyimbo, mafundisho ya watoto, na kitubio, yaani mahali ambapo mtu hawezi kusemewa na mwingine. Nao walijua uchungu wa kunyang'anywa. Tangu 1795 nchi yao ilikuwa imefutwa kwenye ramani, imegawanywa na Prussia, Urusi na Austria. Wengi wa waliofika Chicago mwanzoni walitoka upande wa Prussia, ambako serikali ya Bismarck ilimfunga Askofu Mkuu Ledóchowski mwaka 1874, na ambako mwaka 1901, katika mji wa Września, watoto wa shule walichapwa viboko kwa kugoma kusali na kujifunza dini kwa Kijerumani. Watu wa namna hiyo wakivuka bahari, kanisa lenye lugha yao si anasa kwao.

Aliyeliongoza jimbo hili wakati huo, Askofu Thomas Foley, aliwasikia. Mwaka 1871 alipatana na Mapadre wa Ufufuko, shirika lililoanzishwa Paris mwaka 1836 na Wapolandi waliokuwa uhamishoni, wawahudumie Wapolandi wa Chicago kwa miaka 99. Hakungoja wajue Kiingereza. Mwaka 1874 akaja Padre Wincenty Barzyński, ambaye kabla ya upadre wake wa Marekani alikuwa ameshiriki uasi wa 1863 dhidi ya Urusi. Alikaa hapo hadi kifo chake mwaka 1899. Kanisa la sasa, lililochorwa na Patrick Keely, lilianza kujengwa 1877 na kubarikiwa 1881, kwa senti za vibarua wa viwanda vya ngozi na vya chuma. Kufikia 1897 parokia ilihesabu watu 40,000, na ilitajwa kuwa kubwa kuliko zote Marekani. Jumapili zilisomwa Misa 12, sita kanisa la juu na sita la chini. Shuleni, chini ya Masista wa Notre Dame, walisoma watoto zaidi ya 3,000. Mwaka 1890 mapadre hao walianzisha gazeti la kila siku, Dziennik Chicagoski, lililodumu hadi 1971. Parokia nyingine kadhaa za Wapolandi hapa mjini zilichipuka kutoka hiyo moja.

Sitaki kuwapaka Wapolandi rangi nzuri kuliko walivyokuwa. Waligombana, tena vibaya. Kanisa la Utatu Mtakatifu lilijengwa 1873 hatua chache tu kutoka kwa Stanislaus, na ugomvi wa nani amiliki mali na nani amchague padre ulilifanya lifungwe mara kwa mara kwa miaka ishirini, mpaka mjumbe wa Baba Mtakatifu, Askofu Mkuu Satolli, alipoamua shauri mwaka 1893. Mwaka 1895, katika parokia ya Mtakatifu Jadwiga, waumini walipambana na polisi, na sehemu yao wakajitenga na Roma. Miaka miwili baadaye, huko Scranton, Pennsylvania, Padre Franciszek Hodur na wachimba makaa wa mawe walianza njia iliyozaa Kanisa la Kitaifa la Kipolandi, ambalo mpaka leo haliko pamoja nasi. Nimesoma sana sehemu hii, kwa sababu ndiyo inayotajwa tunapoomba jambo letu: kwamba kila kabila likipewa kanisa lake, Kanisa litagawanyika. Ninavyosoma mimi, pale Scranton watu hawakuondoka kwa sababu walikuwa wamepewa mno. Walikuwa wamejenga kanisa kwa fedha zao, wakaambiwa hawana sauti ndani yake. Na hata hapa Chicago, iliwachukua Wapolandi mpaka 1908 kumpata askofu wa damu yao, Paul Rhode, wa kwanza Marekani nzima. Kisha kiti chako kikakaliwa na Mundelein, baadaye Kardinali, aliyezuia parokia mpya za kitaifa, yaani za watu wa lugha au taifa moja, na mwaka 1920 mapadre wa Kipolandi wakapeleka malalamiko yao Roma.

Tena ziangalie hizo zilizokuwapo. Barabara kuu iitwayo leo Kennedy ilipopangwa miaka ya 1950, ilikuwa ipite juu ya kanisa la Stanislaus. Wanaparokia walisimama, mbunge wao kijana Dan Rostenkowski akiwa pamoja nao, na barabara ikapindishwa. Ukipita na gari leo unaona ukuta wa kanisa karibu uuguse. Lakini nyumba nyingi zilibomolewa na watu wakatawanyika. Wakaja Wapuerto Riko na Wameksiko. Nani aliwapokea? Jengo lile lile, altare ile ile yenye picha ya Tadeusz Żukotyński ya Mama Maria akimkabidhi Stanislaus Mtoto Yesu. Kihispania kikaingia, Kipolandi kikabaki, Kiingereza kikawa cha tatu. Siku niliyokwenda, mama wa Kimeksiko na mzee wa Kipolandi walikuwa wamepiga magoti benchi moja mbele ya monstransi kubwa, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, iliyowekwa pale mwaka 2008, kila mmoja akinong'ona kwa lugha yake. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya lugha moja haikuwafungia mlango wa lugha nyingine. Wenye kujua uchungu wa kuwa wageni ndio waliokuwa na mahali pa kuwakaribishia wageni.

Nasi tunalo jambo na Wapolandi ambalo pengine hulijui. Wakati wa vita vya pili vya dunia, maelfu ya Wapolandi waliopelekwa na Stalin huko Siberia na Kazakhstan walipata kutoka kupitia Uajemi, na wengi wao, wanawake na watoto hasa, wakaletwa Afrika. Tengeru, karibu na Arusha, ilipokea watu wapatao 5,000, ikawa kambi yao kubwa kuliko zote barani. Waliishi kwenye vibanda vya msonge chini ya Mlima Meru, na mapadre wao walikuwa nao. Hakuna aliyewaambia waungame kwa Kiswahili. Makaburi yao karibu 150 yako pale hadi leo. Mwaka 1949 Padre Łucjan Królikowski, Mfransisko, aliwachukua kutoka Tengeru yatima zaidi ya mia moja akawavusha hadi Kanada wapate makao. Alifariki 2019 akiwa na miaka 100. Na huko Nyabyeya, wilaya ya Masindi nchini Uganda, kanisa walilolijenga wakimbizi hao kati ya 1943 na 1945 na kuliita la Bikira Maria Malkia wa Polandi bado linasaliwa na Waganda. Sisemi haya kudai fadhila irudishwe. Nasema tumewahi kuwa upande wa pili wa mlango huu.

Kanuni ya 518 inakupa uwezo wa kuunda parokia kwa ajili ya watu wa lugha fulani. Hatuombi parokia. Hatuna watu 40,000, na tunajua makanisa yanaunganishwa kwa uhaba wa mapadre na fedha. Tunaomba kitu ambacho kwetu tungekiita kigango: kanisa moja, la mahali popote treni inapofika, ambalo tutaambiwa ni makao yetu na hatutahamishwa mwakani. Misa ya Kiswahili Jumapili, chumba cha mafundisho ya watoto, na kabati la kufungia ngoma na vitabu vya kwaya. Kufagia tutafagia, bili ya joto tutachangia, na wenye kanisa lao tutawaheshimu. Padre anayejua Kiswahili, awe Mtanzania, Mkongo au Mmarekani aliyewahi kuwa mmisionari kwetu, ateuliwe kwa barua yako, asitegemee nafasi aliyoipata kwa kuiba muda.

Kama hayo yanahitaji vikao, na najua yatahitaji, basi moja lisingoje vikao. Bibi wa Fizi ana miaka 81, na tangu Krismasi hapandi tena ngazi bila kushikwa. Tunaomba padre mmoja wa kumsikiliza kwa Kiswahili kabla ya Pasaka. Anakaa ghorofa ya pili. Jumuiya hukutana hapo kila Jumamosi saa kumi jioni, na sote tutatoka nje tukasubiri kwenye ngazi mpaka amalize.

Wako katika Kristo,

Katibu wa jumuiya,
Rogers Park, Chicago